Moi Avenue na stesheni ya Nairobi: kipi kilitangulia?

Swali: Mwalimu, nauza viatu Moi Avenue, si mbali na Archives, jengo la nyaraka za taifa. Wazee wanaopita bado wanaiita Government Road, na kila mmoja ana hadithi yake. Mmoja ananiambia jengo la Archives lilikuwa la reli, mwingine anaapa kwamba Tom Mboya aliuawa kwenye barabara yenye jina lake. Mimi nataka kujua kipi kilitangulia, barabara hii au stesheni? Na kwa nini Wazungu waliitupa stesheni kule pembeni badala ya kuiweka katikati ya mji? Siku hizi pia tunasikia habari za "Railway City". Stesheni itahamishwa?

Jibu: Stesheni ndiyo iliyotangulia, ndugu yangu, na haikutupwa pembeni mwa kitu chochote. Reli ilipofika hapa hapakuwa na mji wa kuwekewa stesheni katikati. Palikuwa na uwanda wenye majimaji, mto, malisho ya Wamasai, na kwa mbele, kuelekea vilima vya Kikuyu, mashamba na misitu. Kilichokuwapo cha serikali ya Waingereza kilikuwa kambi ndogo ya kutunzia ng'ombe na nyumbu wa misafara, iliyowekwa mwaka 1896 chini ya sajini mmoja aitwaye George Ellis. Basi.

Ujenzi wa reli ulianzia Mombasa mwaka huo huo wa 1896, na mwisho wa Mei 1899 vyuma vikafika kwenye uwanda huu, kilomita 530 hivi kutoka baharini. Wahandisi hawakusimama hapa kwa sababu mahali palipendeza. Walisimama kwa sababu mbele yao palikuwa na mlima. Nairobi iko mita 1,660 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukitoka hapo reli inapanda hadi zaidi ya mita 2,300 kule Limuru, halafu inaanza kuteremka kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Kazi ya namna hiyo inahitaji akiba ya vyuma na mataruma, karakana ya kutengeneza injini, nafasi ya kupanga mabehewa, na maji mengi, maana injini ya mvuke inakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Huu ndio uliokuwa uwanja wa mwisho ulio sawa kabla ya kupanda, mto ulikuwa karibu, na mahali penyewe palikuwa takriban nusu ya safari ya kwenda ziwani.

Kwa hiyo mahali pa stesheni palichaguliwa kwa mahitaji ya magari ya moshi. Mahitaji ya binadamu hayakuulizwa, na jambo hilo ndilo linaloeleza karibu kila kitu ulichoniuliza. Udongo wa pale ni ule mweusi unaonata, ambao mvua ikinyesha unageuka uji na jua likiwaka unapasuka nyufa. Kwa reli udongo huo ni kero inayovumilika. Kwa mtu anayetaka kuchimba choo, kujenga duka au kulala bila mbu, ni balaa. Lakini mhandisi mkuu, George Whitehouse, alihamisha makao makuu ya reli kutoka Mombasa hadi hapa mwaka huo huo wa 1899, na palipokwenda ofisi ya reli, pesa zikafuata. John Ainsworth, mtawala wa Kiingereza aliyekuwa Machakos, naye akahamia Nairobi mwaka huo. Machakos ilikuwa kituo cha serikali kabla ya Nairobi kuwa na hata kibanda cha maana, lakini reli haikupita huko. Ukitaka kuona mji ulioachwa na gari la moshi, wa kwanza ni huo.

Hapo sasa ndipo barabara yako inapozaliwa. Reli ilikuwa upande wa kusini. Ainsworth na ofisi zake walijiweka kaskazini, kuvuka mto, kwenye mwinuko wa upande wa leo wa makumbusho ya taifa. Wakubwa wa aina mbili, kila mmoja na kambi yake, na kati yao uwanda wa matope. Mizigo ya serikali ilishuka kwenye gari la moshi upande mmoja na kutakiwa upande wa pili. Barua vivyo hivyo, wageni vivyo hivyo. Njia waliyoikanyaga ndiyo Government Road. Pembeni mwa njia hiyo yakaota maduka ya mabati na mbao, kwa sababu mfanyabiashara mwenye akili hufungua duka lake pale watu wanapopita na mizigo, jambo ambalo wewe wa viatu huhitaji kufundishwa. Mwisho wa kaskazini wa njia hiyo, siku ya Krismasi mwaka 1904, ikafunguliwa hoteli ya Norfolk kwa ajili ya walowezi na wawindaji. Walishuka stesheni, wakapanda gari la farasi au riksho ya kuvutwa na mtu, wakapita Government Road nzima wakirushiwa matope, wakafika hotelini. Miti ya mikaratusi iliyopandwa kwa wingi enzi za Ainsworth haikuwa pambo tu: ilikusudiwa kufyonza maji ya kinamasi.

Usifikiri kwamba waliojenga ni Wazungu peke yao. Kujenga reli kutoka Mombasa mpaka Kisumu, ilikofika Desemba 1901, kulileta vibarua karibu 32,000 kutoka Bara Hindi kwa mikataba. Karibu 2,500 kati yao walikufa kwa magonjwa, ajali na wanyama. Waafrika waliobeba, waliofyeka na waliochimba walikuwa wengi pia, ila vitabu vya hesabu havikuwatunza majina kwa uangalifu uleule. Wahindi wengi walirudi kwao mikataba ilipokwisha, lakini maelfu kadhaa walibaki, na pamoja nao wakaja wafanyabiashara waliokuwa na uzoefu wa pwani. Mkubwa wao alikuwa Alibhai Mulla Jeevanjee, mtu wa Karachi, aliyepata mali kwa kuipa reli vibarua na vyakula. Ndiye aliyeanzisha gazeti ambalo leo ni The Standard, na mwaka 1909 akawa mtu wa kwanza asiye Mzungu kuingia baraza la kutunga sheria.

Bustani ya Jeevanjee, ile unayoipita ukielekea Chuo Kikuu, ni yake. Aliitoa kwa mji mwaka 1906 pamoja na sanamu ya Malkia Victoria. Fikiria mpangilio huo: pesa za reli zikanunua bustani kando ya barabara ya serikali, na ndani ya bustani akasimamishwa malkia. Mwaka 1991 palitokea mpango wa kuigeuza bustani hiyo kuwa maegesho na maduka ya ghorofa. Mjukuu wake, Zarina Patel, alisimama kidete kuupinga, Wangari Maathai naye akaingia, na mpango ukafa. Wahubiri wa saa saba mchana na wanaojinyoosha kwenye majani wakingoja saa nane wanakalia nyasi ambazo zingekuwa saruji.

Soko la Wahindi lilikuwa eneo la Biashara Street ya leo, ambayo zamani iliitwa Bazaar Street. Hapo ndipo mahali palipoulipia mji gharama ya kuchaguliwa kwa ajili ya injini. Watu walirundikana, maji machafu hayakuwa na pa kwenda, panya wakajaa. Tauni iliingia mapema kabisa, na mwaka 1902 soko likateketezwa kwa moto kwa amri ya daktari wa serikali. Tauni ilirudi tena baadaye. Madaktari walisema wazi kwamba mji uhamishwe, upelekwe kwenye ardhi ya juu isiyotuama maji. Reli haikutaka. Karakana zilikuwa zimeshajengwa, njia za kupangia mabehewa zimeshatandikwa, na nani angelipia kuzing'oa? Winston Churchill alipita hapa mwaka 1907, akiwa naibu waziri wa makoloni, akaandika kwamba wakati wa kubadilisha ulikuwa umekwishapita. Mimi sipendi kumnukuu Churchill katika mambo ya Afrika, lakini hapo alisema kweli. Mji ulikuwa na umri wa miaka minane tu na tayari ulikuwa umenaswa.

Kilichofuata ndicho ninachotaka ukishike zaidi kuliko tarehe. Kwa kuwa mji haukuweza kuhama, wenye uwezo walihama ndani ya mji. Maofisa wa reli walijenga nyumba zao kilimani, upande ambao leo ni Upper Hill na Community, juu ya mbu na harufu. Wahindi wenye nafasi walikwenda Parklands na Ngara. Wafanyakazi Waafrika wa reli waliwekwa kwenye landi, vyumba vya mstari mashariki ya stesheni: Muthurwa, na baadaye Makongeni. Mwaka 1913 serikali ilimleta mtaalamu wa afya, Profesa W. J. Simpson, naye akapendekeza watu watenganishwe kwa rangi, akilivalisha jambo hilo vazi la usafi. Kutoka hapo utengano uliokuwa desturi ukawa mpango. Government Road ikajikuta imekaa mpakani. Upande wake wa magharibi, kuelekea Kenyatta Avenue ya leo, zilikuja benki, hoteli na maduka ya Wazungu. Upande wa mashariki, kushuka River Road, yakaja maduka ya Wahindi, gesti, hoteli za chai na vyumba vya Waafrika waliokuwa na kipande, kile kitambulisho cha kazi walicholazimishwa kubeba, mfukoni.

Mpaka huo haujafa. Wewe mwenyewe unaujua: kiatu kilekile kikiwa dirishani Kimathi Street kina bei yake, kikivuka Moi Avenue na Tom Mboya kikafika River Road kina bei nyingine. Watu hudhani ni tabia ya wenye maduka tu. La. Ni mstari uliochorwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita na watu waliokuwa wakikimbia maji ya stesheni.

Niongeze jambo dogo ambalo Wanairobi wengi hawalijui. Pembeni mwa mji huo wa mwanzo palikuwa na vijiji vya Waafrika: Mombasa, Maskini, Kaburini, Pangani. Humo walikaa Waswahili wa pwani, wapagazi wa zamani, askari waliostaafu, wanawake wenye nyumba zao za kupangisha, na watu wa makabila ya bara waliokuja kutafuta kazi. Serikali ilifungua Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920 na kuvivunja vijiji hivyo kimoja baada ya kingine. Pangani kilikuwa cha mwisho, mwishoni mwa miaka ya 1930. Ukitafuta Kiswahili kilivyoota mizizi Nairobi, usiende shuleni. Nenda kwenye vijiji hivyo, na kwenye karakana ya reli, ambako Mkamba, Mluo, Mkikuyu na Mpunjabi walilazimika kuelewana kabla nyundo haijashuka.

Sasa hadithi za wazee wako. Ya kwanza: Archives haikuwa ya reli. Jengo lile la mawe lenye nguzo lilijengwa mwaka 1906 kwa ajili ya National Bank of India. Nadhani kinachowachanganya watu ni ukaribu wake na stesheni na ule uzito wa sura yake. Benki kuwa hapo kunaeleweka ukikumbuka nani alikuwa akishika pesa: mishahara ya reli, mikataba ya reli, na akiba za wafanyabiashara wa soko la karibu. Serikali huru ililigeuza kuwa nyumba ya nyaraka za taifa, na chini kabisa wakaweka mkusanyo wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais, aliyekusanya sanaa na vitabu vya Afrika maisha yake yote. Umeuza viatu hatua chache kutoka hapo. Kama hujawahi kuingia, funga duka saa moja uingie. Jengo la reli lenyewe, makao yake makuu, ni lile kubwa lililo karibu na stesheni, la mwishoni mwa miaka ya 1920.

Ya pili: Tom Mboya hakuuawa Tom Mboya Street. Aliuawa kwenye barabara yako. Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, mchana, alitoka kwenye duka la dawa la Chhani, Government Road, akapigwa risasi hapo hapo kando ya barabara. Alikuwa na umri wa miaka 38, waziri wa mipango ya uchumi, na kiongozi aliyekulia kwenye vyama vya wafanyakazi. Jina lake lilipewa barabara ya pili yake, iliyokuwa Victoria Street. Sanamu yake, iliyowekwa mwaka 2011, iko mbele ya Archives, kati ya barabara aliyofia na barabara yenye jina lake, kwa hiyo mzee wako amekosea kwa hatua chache tu. Msamehe.

Umwagaji damu haukuanza na huo. Upande wa kaskazini, karibu na Norfolk, palikuwa na kituo cha polisi ambako Harry Thuku alizuiliwa Machi 1922 kwa kupinga kipande, kodi na kazi ya kulazimishwa. Wafanyakazi waliacha kazi, umati ukakusanyika, na tarehe 16 Machi polisi wakafyatua risasi; walowezi waliokuwa kwenye veranda ya hoteli nao wakajiunga. Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewasuta wanaume kwa woga wao na kuongoza msukumo kuelekea langoni, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Barabara nyembamba inayoanzia pale sasa inaitwa Harry Thuku Road.

Na kusini kabisa, kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, ng'ambo ya stesheni, ndipo ulipokuwa ubalozi wa Marekani. Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, kabla ya saa tano asubuhi, lori lenye baruti lililipuka nyuma ya jengo hilo. Hapa Nairobi walikufa watu 213, wengi mno wakiwa Wakenya, na maelfu wakajeruhiwa. Siku hiyohiyo Dar es Salaam walikufa 11. Ufundi House, jengo la jirani, lilianguka lote. Wengi waliopoteza macho walikuwa maofisini: walisikia mshindo wa kwanza, mdogo, wakakimbilia madirishani kuangalia, na mlipuko mkubwa ukawakuta nyuso zao zikiwa kwenye vioo. Waliokuwa barabarani walikuwa abiria wa kawaida wa kona ile, watu wa kushuka stejini na kuvuka kwenda kazini. Kona inayokutanisha reli, mabasi na ofisi ina watu wengi saa yoyote ya asubuhi, na siku ile umati huo ndio uliolipa. Bustani ya ukumbusho iko palepale.

Majina nayo yana hadithi, nitaipitia haraka. Haile Selassie Avenue iliitwa Whitehouse Road, kwa heshima ya yule mhandisi mkuu. Government Road ikawa Moi Avenue baada ya Moi kuingia Ikulu mwaka 1978. Kuna barabara nyingine ambayo ni ya reli kuliko zote na hakuna anayejua: Uhuru Highway. Reli ya zamani ya kwenda Kisumu ilipita hapo, ikikata mji upande wa magharibi, na magari yalisimama kwenye vivuko kungoja gari la moshi lipite. Katikati ya karne iliyopita reli ilihamishiwa njia ya Kibera, na nafasi iliyoachwa ikawa barabara kuu. Unapokwama kwenye foleni pale Uhuru Highway, umekwama juu ya njia ya reli.

Umeniuliza pia, bila kuliandika waziwazi, kwa nini stesheni inaonekana kama imesahauliwa wakati hapo zamani ndiyo iliyokuwa moyo wa mji. Hapa sababu ni za kisiasa na kibiashara, si za ardhi. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa shirika moja la reli na bandari, na kwa karibu miaka thelathini Nairobi ilikuwa makao makuu ya reli ya nchi tatu. Enzi hizo ndizo zilizoleta zile injini kubwa za Garratt za daraja la 59, zilizoanza kazi mwaka 1955, jumla 34, zikiwa ndizo kubwa kuliko zote duniani kwenye reli ya upana wa mita moja. Kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mount Gelai, jina la mlima ulio Tanzania karibu na Ziwa Natron, iko kwenye makumbusho ya reli hapo nyuma ya stesheni, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Ukiwa huko tafuta pia behewa alimolala Charles Ryall, ofisa wa polisi, mwaka 1900 kule Kima. Alikuwa amekaa kumvizia simba mla watu, usingizi ukamchukua, na simba akaingia na kumtoa dirishani.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, reli nayo ikagawanywa. Kila nchi ikabaki na kipande chake, Kenya Railways ikaundwa, na Nairobi haikuwa tena makao makuu ya chochote nje ya mipaka. Tayari matatu zilikuwa zimeruhusiwa tangu mwaka 1973 kubeba abiria bila leseni nzito za mabasi, na malori yalikuwa yanaibeba mizigo ya Mombasa kwa lami. Serikali haikuweka pesa kwenye vyuma, treni zikachelewa, wateja wakaondoka, pesa zikapungua zaidi. Mwaka 2006 kampuni binafsi ilikodishwa kuendesha reli na haikuigeuza hali. Treni ya usiku ya kwenda Mombasa, ambayo iliwahi kuwa na vitanda na mezani vijiko vya fedha, ilifanya safari zake za mwisho mwaka 2017. Mei mwaka huo Madaraka Express, treni ya reli mpya ya SGR, ikaanza, lakini stesheni yake kuu iko Syokimau, nje ya mji. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza tangu 1899 msafiri wa kutoka Mombasa akaacha kushukia kwenye mdomo wa Moi Avenue.

Hata hivyo usiizike stesheni ya zamani. Watu unaowaona wakimiminika kwenda huko jioni ni wa treni za mjini: Embakasi, Syokimau, Ruiru, Kikuyu. Syokimau ilipata stesheni yake ya treni za abiria wa kila siku mwaka 2012, na tangu 2020 kuna mabehewa ya dizeli yaliyonunuliwa Uhispania yakiwa yametumika. Zipo pia treni za kumuunganisha abiria wa SGR na katikati ya mji, kwa hiyo mtu wa Mombasa bado anaweza kufika karibu na duka lako kwa reli, ila kwa kubadilisha. Na steji inayoitwa Railways, yenye matatu na mabasi yanayojazana mbele ya stesheni, imekaa pale kwa sababu ileile iliyoleta maduka ya mabati ya mwaka 1900: abiria ameshuka na anataka kuendelea.

Mwisho, hiyo Railway City. Ujenzi ulizinduliwa rasmi Desemba 2022. Mpango unahusu ekari 425 hivi za ardhi ya reli na majirani zake, kuanzia Haile Selassie Avenue kwenda kusini, na unataka stesheni mpya, ofisi, nyumba na maduka, ili mji uvuke ule ukingo uliouzuia tangu mwanzo. Ardhi yenyewe ipo katikati ya Nairobi na imebaki karibu tupu kwa sababu moja: reli iliizungushia mpaka mwaka 1899 na haikuiachia. Stesheni haihami, ndiyo kiini cha mpango. Ninachokushauri wewe mfanyabiashara ni kufuatilia mahali milango ya stesheni mpya itakapotazama. Ikiendelea kutazama Moi Avenue, wateja wako wapo. Ikigeuzwa kutazama Bunyala Road au upande wa Uhuru Highway, watu watatokea huko, na kodi za maduka zitawafuata. Michoro ya mipango ya namna hii hupelekwa kwa wananchi watoe maoni kabla ya kupitishwa, na mikutano hiyo huwa na viti vingi vitupu. Nenda ukakae kimoja.